Gurudumu, Pumzi na Ngoma: Ramani ya Mwili Baina ya Handeni na Korogwe

Katika duka la mshonaji wa Korogwe na katika kibanda cha mnoa visu wa Handeni limo neno ambalo wenye vyombo hivyo hawana haja ya kuuliza lilikotoka. Cherehani ya mshonaji na cherehe ya mnoa visu zote zimetokana na charkh ya Kiajemi, yaani gurudumu. Charkh hiyo ni ndugu wa tumbo moja na neno la Kisanskriti, chakra, lenye maana ile ile ya gurudumu au duara lizungukalo. Basi kabla watalii hawajaanza kulitamka neno chakra katika hoteli za ufukweni, wakilazwa chali huku mabakuli ya shaba yakigongwa juu ya vifua vyao, ndugu yake alikwisha kuhamia mwambao siku nyingi, akafanya kazi ya kushona kanzu na kunoa mashoka.

Neno hili la pili limekuja na madai makubwa. Husemwa kwamba mwili wa mwanadamu una magurudumu saba, kwamba kila gurudumu lina rangi yake na sauti yake ya muziki, na kwamba anayeipiga sauti ifaayo huliamsha gurudumu lililolala na kuponya maradhi. Husemwa pia kwamba elimu hiyo ni ya maelfu ya miaka na haijabadilika. Madai hayo yanastahili kupimwa kwa mizani ya historia, kwa sababu mbili. Kwanza, Wahindi wenyewe wameandika juu ya jambo hili kwa undani unaozidi sana majedwali ya hotelini. Pili, nchi iliyo baina ya Handeni na Korogwe ina elimu yake ya mwili na sauti, ambayo kwa zaidi ya miaka mia moja imeitwa ushenzi na watu ambao leo hulipa fedha nyingi kugongewa bakuli.

Magurudumu ya Wahindi

Mafundisho ya chakra yalikua pole pole katika maandiko ya Tantra, nayo hayakuwa na hesabu moja. Maandiko mengine yalitaja vituo vinne, mengine vitano, mengine zaidi ya kumi. Mpango wa vituo sita, na cha saba juu yake, ulijitokeza katika madhehebu ya mungu wa kike Kubjika, karibu miaka elfu moja iliyopita, kisha ukaenea hata ukaishinda mipango mingine. Katika mpango huo kituo cha kwanza kipo chini ya uti wa mgongo, cha pili kwenye sehemu za uzazi, cha tatu kitovuni, cha nne moyoni, cha tano kooni, cha sita baina ya nyusi. Na utosini ndipo lilipo yungiyungi la petali elfu. Chini kabisa hulala nguvu iitwayo Kundalini, iliyojiviringa kama nyoka. Mwenye kuifuata njia huiamsha kwa pumzi na kwa maneno matakatifu, ikapanda kituo baada ya kituo mpaka utosini.

Ikumbukwe kwamba kwa wenyewe vituo hivi havikuwa viungo vya kukatwa na kutazamwa na tabibu. Vilikuwa mahali pa kuweka herufi, miungu na sauti kwa nguvu ya mawazo. Mwanafunzi alifundishwa kuujenga mwili wa namna hiyo ndani ya mwili wake, kama vile mshairi anavyoijenga beti ndani ya pumzi yake kabla ya kuitoa nje.

Ulaya ililipata jambo hili kwa kuchelewa. Mwaka 1919 jaji Mwingereza wa Calcutta, John Woodroffe, aliyejiita Arthur Avalon, alichapisha kitabu The Serpent Power, chenye tafsiri ya maandiko ya Purnananda ya mwaka 1577 juu ya vituo sita. Mwaka 1927 Charles Leadbeater, mmoja wa viongozi wa chama cha Theosofia, akatoa kitabu chake The Chakras, akieleza rangi ambazo alidai kuziona kwa macho yake ya ndani. Mpango wa rangi saba za upinde wa mvua, nyekundu chini na zambarau juu, ulipata nguvu Magharibi katika miaka ya 1970. Na lile jedwali linalogawa sauti saba za kinanda cha Kizungu, moja kwa kila chakra, ni zao la karne ya ishirini. Halimo katika maandiko ya kale ya Kihindi.

Haina maana kwamba Wahindi hawakuunganisha chakra na muziki. Waliunganisha, na kwa uzuri zaidi. Katika karne ya 13, huko Devagiri, alikuwapo Sharngadeva, mtu wa ukoo uliotoka Kashmir, aliyeshika kazi ya hesabu katika dola ya Wayadava na aliyeijua elimu ya utabibu. Aliandika kitabu kikubwa cha muziki kiitwacho Sangita Ratnakara, yaani bahari ya vito vya muziki, akakianza kwa maelezo ya mwili: namna mtoto anavyoumbika tumboni, mifupa, mishipa, na chakra. Kwake mwimbaji asiyeujua mwili hajui anachokiimba.

Sharngadeva anasema kuwa nafsi ikitaka kunena huusukuma moyo wa fikra. Fikra huupiga moto wa mwilini. Moto huuamsha upepo. Upepo hupanda kutoka chini ya kitovu, ukapita kitovuni, kifuani, kooni, kichwani, ukatokea kinywani. Katika muziki huhesabiwa makao matatu: sauti nzito hukaa kifuani, ya kati hukaa kooni, nyembamba hukaa kichwani, na kila moja huwa maradufu ya ile iliyo chini yake. Gurudumu la kooni lina petali kumi na sita, na katika petali saba kati ya hizo ameziweka sauti saba za muziki wa Kihindi. Kwa hiyo sauti zote saba zimo kooni, pamoja, kama ndege saba katika mti mmoja; hazikusambazwa kutoka mkiani hadi utosini.

Ipo nukta moja zaidi, nayo ndiyo yenye kina. Wahindi huzigawa sauti sehemu mbili. Ipo sauti iliyopigwa: ya ngoma, ya uzi, ya koo. Na ipo isiyopigwa, ambayo husikika kwa aliyetulia tu. Gurudumu la moyo limeitwa anahata, maana yake isiyopigwa. Muziki wa masikio ni ngazi ya kuufikia ule wa kimya.

Mwili katika lugha ya mwambao

Mswahili naye ana ramani yake, ingawa hakuichora katika yungiyungi. Ameiweka katika maneno. Asiyeweza kutunza siri hana kifua. Mwenye hasira ana nyongo. Mpenzi aliyezama ndani kabisa ni mkalia ini, na washairi wa Pemba, Mombasa na Tanga wamelitumia jina hilo bila kuhitaji kulifasiri, kwa kuwa msikilizaji hulihisi ini lake. Roho hupaa kwa hofu na hutua kwa faraja. Utosi wa mtoto mchanga hulindwa, kwa kuwa ni mlango ambao haujafungwa. Na kitovu ni zaidi ya kovu la tumboni: pale kilipozikwa ndipo kwao mtu, hata akifa ughaibuni.

Bara ya Tanga nayo imo katika ramani hiyo. Wabondei, Wasambaa na Wazigua, ambao kwa pamoja huitwa Waboshazi, na ndugu zao Wanguu, hujihesabu kuwa wana wa Seuta. Lugha zao zinakaribiana kama vidole vya mkono, nazo zimechangia na kuchangiwa na Kiswahili tangu Pangani na Saadani zilipokuwa bandari za misafara. Katika lugha zote hizi, kama katika nyingi za Kibantu, yapo mashina mawili ya kale yanayokwenda pamoja: lile la ganga, lililozaa mganga na uganga, na lile la ngoma. Mtaalamu John Janzen, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kiitwacho Ngoma, alionyesha kwamba kutoka mtoni Kongo hadi ncha ya kusini ya Afrika neno hili moja hutaja chombo, mchezo, wimbo na pia chama cha waliougua wakapona, ambao sasa huwaponya wengine. Mzungu alipolifasiri kuwa "drum" tu, alichukua kibuyu akaacha maji.

Ngoma huuliza, mwili hujibu

Mwaka 1936 Hans Cory, Mwaustria ambaye wakati huo alitumia jina la Koritschoner, alichapisha katika jarida la taasisi ya wanaanthropolojia la London utafiti juu ya ngoma ya shetani katika Tanganyika. Tofauti na wengi wa zama zake, hakuicheka. Aliieleza kuwa ni matibabu ya maradhi ya nafsi, yenye utaratibu na hatua zake. Utaratibu huo unajulikana kote mwambaoni na katika bara yake, na kwa wazee wa Uzigua si jambo la kitabuni.

Mtu huugua ugonjwa usioeleweka: moyo kwenda mbio, kichwa kuwa kizito, usingizi kuruka, tumbo kukataa chakula. Dawa za kawaida zikishindwa, jamaa zake humwendea fundi. Fundi huuliza, hupiga ramli, humfukiza mgonjwa kwa ubani na udi, humpigisha nyungu ili mvuke wa majani umtoe jasho. Kisha huitwa wapigaji na waitikiaji. Katika kilinge mgonjwa huitwa mwele, naye hukaa chini huku amefunikwa shuka.

Hapo ndipo muziki unapofanya kazi ambayo jedwali la sauti saba haliwezi kuifanya. Kila pepo ana mdundo wake, nyimbo zake, nguo yake, fukizo lake na lugha yake. Ruhani hataki ya Kimasai, na wa Kimasai hataki ya ruhani. Fundi hajui kwa yakini ni yupi aliyemkalia mwele. Basi hubadilisha: wimbo huu, mwele ametulia, wimbo ule, ametulia, wa tatu, bega limecheza. Wapigaji huongeza mwendo. Mtikisiko hutoka begani ukashuka mgongoni, ukapanda shingoni, na mwisho, kama wenyewe wasemavyo, pepo hupanda kichwani. Hapo hutaja jina lake, hudai haki yake, na mara nyingi husema yale ambayo mwele mwenyewe hakuthubutu kuyasema: mume aliyekosa wajibu, ndugu aliyedhulumu shamba, kaburi la bibi lililosahauliwa.

Kwa hiyo ngoma si dawa inayomiminwa sikioni. Ni swali, na mwili ndio unaojibu. Ukiifananisha na safari ya Kundalini utaona shabaha moja kubwa: mwendo wa kupanda, kutoka chini hadi utosini, kwa nguvu ya sauti na pumzi. Lakini tofauti nayo ni kubwa. Nguvu ya Wahindi hulala ndani ya mtu tangu kuzaliwa kwake, na huamshwa na mtu mmoja akiwa peke yake. Pepo wa mwambao hutoka nje, mtu ni kiti chake tu, na hapandi mpaka pawepo na watu: wapigaji, waitikiaji, jamaa, majirani. Yogi hupona kwa kujitenga na mji. Mwele hupona kwa kurudishwa mjini.

Vyombo vyenyewe vimegawana mwili. Vumi, ambalo jina lake limetokana na kuvuma, huunguruma chini, na aliye karibu nalo hulisikia kwa tumbo na kifua kabla ya kulisikia kwa sikio. Msondo hushika kati, husema. Chapuo hudonoa juu, husisimua kichwa na viganja. Ni makao matatu ya Sharngadeva, lakini hapana haja ya kudhani kuwa jahazi lolote lilimleta Sharngadeva Pangani. Kifua cha Mhindi na kifua cha Mzigua vimeumbwa kwa mbavu zile zile. Sauti nzito hutetemesha pakubwa, nyembamba hutetemesha padogo, na watu wanaosikiliza kwa makini, popote walipo, hufikia jambo hilo.

Muziki wa Kihindi uliofika kweli mwambaoni ulikuja kwa njia nyingine, ya santuri na sinema. Waimbaji wa taarabu wa Tanga na Unguja walizichukua tuni za filamu, wakazivika mashairi ya Kiswahili. Chakra hazikuwamo katika mzigo huo.

Kuiponya nchi

Katika milima inayotazama bonde la Korogwe, ramani ya mwili ilipanuliwa ikawa ramani ya nchi. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeandika juu ya Usambaa kwa miaka mingi, ameeleza mawazo mawili yaliyotawala siasa ya Wasambaa: kuzifya shi, yaani kuiponya au kuitengeneza nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mfalme wa Kilindi, aliyeitwa Simba, alikuwa na nguvu ya mvua. Nguvu yake ikiwa moja, isiyo na mshindani, mvua ilinyesha na migomba ikazaa. Nguvu zikishindana, nchi iliugua kama mwili ulioingiliwa.

Ukoo huo wa Wakilindi, kwa mujibu wa simulizi, ulianzishwa na Mbegha, mwindaji aliyetoka Unguu. Habari zao ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, na kitabu chake, Habari za Wakilindi, ni miongoni mwa kazi kubwa za historia katika lugha hii. Huko Vuga kifo cha mfalme kilifichwa, naye akazikwa kwa siri. Ngoma ndiyo iliyotangaza kwamba Simba mpya amekwisha kukaa. Watu hawakuambiwa kwa maneno kuwa nchi ina moyo. Waliusikia ukidunda.

Moyo huo ulivurugika baada ya kufa kwa Kimweri ya Nyumbai mwaka 1862, pale wana na wajukuu walipogombania urithi na biashara ya watumwa ikastawi bondeni. Wajerumani wakafuata. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Korogwe mwaka 1902. Mwaka ule ule wa 1893 Richard Hindorf aliiingiza mbegu ya mkonge kutoka Florida, na kabla ya kizazi kimoja kupita, ukingo wa mto Ruvu wa Korogwe ukawa safu za mkonge zisizo na mwisho. Manamba walitoka mbali, kila kundi na ngoma yake, na usiku wa makambini midundo ya Wanyamwezi, Wamakonde na Waboshazi ilijibizana.

Handeni, isiyo na reli, ilipata taabu ya namna nyingine. Njaa ya mwaka 1894 hadi 1896 iliwapukutisha watu. James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992 juu ya Uzigua, amebainisha kuwa utawala wa kikoloni uliwaondolea wakubwa wa vijiji uwezo wa kuwakusanya watu. Mashamba yakarudi kuwa pori, pori likaleta mbung'o na kupe, na ng'ombe wakafa. Kwa lugha ya wenyewe, nchi ilibanwa. Na palipobanwa nchi, miili ya watu ilibanwa pia. Serikali ya Mwingereza, kwa Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ilimtazama mganga kwa jicho la askari, bila kupambanua vyema baina ya anayeloga na anayeagua.

Pumzi ya zikri

Uislamu uliingia Uzigua kwa njia ya misafara. Bwana Heri wa Saadani, aliyepigana na Wajerumani mwaka 1889 na 1890, alikuwa mtawala Mwislamu katika nchi ya Wazigua. Baada ya hapo zikaenea tarika, na iliyotia fora ni Qadiriyya, ambayo Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909, aliieneza kutoka Benadir hadi Zanzibar, na wanafunzi wakaipeleka bara.

Masufi nao wana elimu ya vituo vya mwili. Ala al-Dawla Simnani, aliyefariki mwaka 1336, alitaja latifa saba, yaani viungo vya ndani visivyoonekana. Ahmad Sirhindi wa India, aliyefariki mwaka 1624, na wafuasi wa Naqshbandi baada yake, walivipanga vitano kifuani: kalbi upande wa kushoto, roho upande wa kulia, kisha siri na vilivyofichika zaidi. Msomaji wa Kiswahili anayaona maneno hayo akayatambua mara moja, kwa kuwa roho na siri ni mali yake ya kila siku.

Wakadiria wa mwambao hawakuhitaji kuchora vituo hivyo. Zikri yao ilikuwa darasa la mwili. Watu husimama safu, bega kwa bega. Jina la Mwenyezi Mungu hutamkwa kwa sauti, kisha hushuka kifuani, kisha hubaki pumzi tupu, inayokwenda na kurudi kama msumeno katika gogo. Maneno yamekwisha, sauti imebaki. Sauti nayo hukaribia kwisha, unabaki moyo. Hapo mwanazuoni wa India angalikumbuka ile sauti isiyopigwa. Lakini shekhe angalimjibu kwamba makusudio yake si kuamsha nguvu iliyomo mwilini, bali ni kumkumbuka aliyeuumba mwili. Kufanana kwa njia hakufanyi safari kuwa moja, na heshima baina ya dini huanza kwa kulitambua hilo.

Hawakukosa pia waliozilaumu ngoma za pepo kuwa ni ushirikina, na wengine wakazilaumu hata zikri za kelele. Mjadala huo haukuisha. Hata hivyo familia nyingi za Uzigua ziliishi na vyote viwili, maulidi na matari upande mmoja, kilinge upande wa pili, kila kimoja na siku yake.

Ngoma iliyovuka bahari

Ushahidi mkubwa kuliko yote wa nguvu ya ngoma ya Wazigua hautoki Handeni. Unatoka Somalia. Katika miaka ya 1830 njaa iliipiga nchi, na Wazigua wengi walichukuliwa kwa hila na kwa kuuzwa, wakapelekwa Benadir kulima mashamba ya watu wengine. Baadhi yao walitoroka. Simulizi zao zinamtaja mwanamke mwenye utabiri, Wanankhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza. Nia ilikuwa kurudi kwao. Waliishia katika misitu ya mto Juba, wakakata miti, wakajenga vijiji, wakashika silaha kuulinda uhuru wao.

Hawakuwa na kitabu, wala kaburi la mhenga, wala mfalme. Walichokuwa nacho ni Kizigua na ngoma. Wataalamu Vinigi Grottanelli na, baada yake, Francesca Declich wameandika juu ya ngoma za mviko, ambazo hufungamana na koo za upande wa mama. Mtu alijua ukoo wake kwa ngoma aliyokuwa na haki nayo. Mahali ambapo utumwa ulikuwa umeyafuta majina, mdundo uliyahifadhi. Mwana alirithi kutoka kwa mama mwendo wa miguu na mtikiso wa bega, na kwa mwendo huo akajua yeye ni nani.

Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991, wazao hao walikimbia tena. Wengi waliishia kambi za Kenya, na tangu mwaka 2003 maelfu wakapelekwa Marekani. Lakini wengine walikuja Tanzania, wakapokewa katika kambi ya Mkuyu, wilayani Handeni, na baadaye katika makazi ya Chogo, kwenye ardhi ya Uzigua. Katika miaka iliyofuata serikali iliwafungulia mlango wa uraia. Watu walioondoka miaka mia moja na sitini kabla walirudi wakisema Kizigua, na wenyeji wakawaelewa. Wahenga walinena kuwa damu ni nzito kuliko maji. Hapa lugha na ngoma ndizo zilizoibeba damu hiyo.

Jambo hili lapasa kuwekwa mbele ya kila anayeuliza iwapo muziki unaweza kugusa kitu ndani ya mwili. Jawabu ipo Chogo. Kituo kilichoguswa huko ni kitovu.

Mpaka wa ngoma

Ukweli una pande mbili, na kuisifu ngoma bila mpaka ni kuidhulumu. Degedege la mtoto halitaki mdundo. Mara nyingi ni malaria iliyopanda ubongoni, na kila saa inayopotea kilingeni huweza kuwa saa ya kifo. Korogwe inalijua hilo kuliko miji mingi. Kituo chake cha utafiti wa tiba kilikuwa kimoja kati ya vituo 11, katika nchi saba za Afrika, vilivyofanya majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009. Wanawake wa vijiji vile vile vilivyosikia ngoma usiku walipeleka watoto wao kuchomwa sindano asubuhi, wala hawakuona kwamba wamejipinga. Waganga wema nao wana ule msemo wao kwamba ugonjwa wa Mungu na ugonjwa wa mtu si mmoja, na mwenye kuujua mpaka huo ndiye mganga.

Mwaka 2002 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, ikampa mganga daftari na leseni. Sheria ya 1928 ilimwogopa, hii imemtambua. Hata hivyo ni rahisi kusajili mizizi na majani kuliko kusajili wimbo. Jani hupelekwa maabara. Mdundo unaoujua bega la mwele hauna maabara. Una mzee mmoja, na mzee akienda umekwenda naye. Ukala, ngoma ya wawindaji wa Kizigua, imepata bahati ya kufundishwa katika chuo cha sanaa cha Bagamoyo na kuonyeshwa majukwaani. Nyimbo za kilingeni hazina jukwaa, wala hazikutungwa kwa ajili ya kupigiwa makofi.

Si kosa kwa kijana wa Korogwe au wa Unguja kujifunza chakra. Elimu ya Sharngadeva ni johari, na anayeisoma kwa nia safi hupata faida. Kosa ni kuipokea katika jedwali lililotengenezwa Ulaya jana, akaiamini kuwa ni ya milele, huku akimwonea haya bibi yake aliyejua kwa sikio ni ngoma ipi inayomfaa nani. Wapenzi wa ushairi, ambao huhesabu mizani kwa pumzi na huweka kina pale pumzi inapotua, wana wajibu wa pekee hapa: wao wanajua kwamba sauti iliyopangwa vizuri humfikia mtu mahali ambapo hoja haifiki. Ziandikwe basi nyimbo hizo, kwa Kizigua na Kisambaa chao, pamoja na majina ya midundo na sababu za kupigwa kwake, kwa idhini ya wenyewe na kwa adabu, wangali hai wanaoweza kusahihisha.